Magunia Yasiyo na Tundu

Barua ya mnunuzi ilisomwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu walijifanya hawakuisikia. Verena, katibu wa chama cha ushirika cha Namorua, aliisoma amesimama mlangoni mwa ghala, karatasi kaishika kwa mikono yote miwili. Mnunuzi alikuwa ameandika kwa adabu zake zote. Shehena iliyopita ya kakao ilinuka moshi, akaikata bei. Safari hii magunia yatakaguliwa bandarini Kieta kabla ya kupakiwa melini, na yakinuka tena hatanunua kwao, mwaka huu wala mwakani.

"Hapo kwenye mwakani," alisema mama Skolastika, mwenyekiti, "hebu rudia."

Verena akarudia. Waliokuwa wakitafuna popoo waliacha kutafuna. Kila mtu alijua huyo mnunuzi wa ng'ambo ni nani kwao. Mfanyabiashara wa mjini aliwalipa kina mia sita, ndiyo fedha ya huku, kwa gunia, tena kwa kufoka. Huyu alilipa elfu moja na mia mbili na hakumfokea mtu. Kwa bei yake nyumba tatu zilikuwa zimeshaezekwa bati, na Klotilda, mke wa Aloisi, alikuwa ameweka rubuni ya tangi la maji. Mto wa kijiji ulikufa kwa sumu tangu enzi za mgodi, na maji ya kunywa wanawake waliyafuata mwendo wa saa nzima kupanda mlima.

Aloisi ndiye aliyekuwa mpimaji wa chama. Walimpeleka mjini wiki nzima kusomea kazi hiyo, akarudi na vitu viwili: cheti, ambacho Klotilda alikifunga kwenye nailoni akakitundika ukutani, na bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji. Unalichoma gunia, ukilichomoa bambo linakuja na punje zilizolala ndani kabisa, mahali macho yasipofika. Lilikuwa bambo pekee Namorua yote. Aloisi alilipaka mafuta kila Jumapili baada ya misa, na alipenda watu wamwone akilipaka.

"Haya, fundi," mama Skolastika alimgeukia. "Magunia mia moja themanini na sita haya hapa. Leo Jumanne, lori linakuja Ijumaa. Tunapimaje?"

Aloisi alisimama, akajikohoza kidogo. "Tukichoma yote, kila gunia tulipasulie punje zake na tulinuse peke yake, Ijumaa itatukuta hatujafika nusu. Hilo tuliache."

"Basi tupime nyumba kwa nyumba," Verena alidakia. "Kila nyumba na bakuli lake. Bakuli likinuka, tunajua moshi umetoka wapi. Tunayaweka pembeni magunia ya nyumba hiyo, lori linaondoka na mengine."

Kisha mzee Petero, ambaye hakuwahi kuiacha nafasi ya kuchekesha watu ipite, akapiga goti lake kofi. "Yaani mtu unuswe hadharani kama nepi ya mtoto! 'Jamani, bakuli la Petero hili, njooni mnuse!'"

Watu wakaangua kicheko.

"Baba, itanuswa kakao, hutanuswa wewe," Verena alisema.

"Kakao yangu ndiyo mimi, binti. Tutenganishe nikishakufa."

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini mzee alikuwa amesema la kweli. Namorua ukimwambia mtu mbele za watu kwamba chakula chake kinanuka, huondoki hivi hivi. Nguruwe wa fidia huchinjwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Iko njia ya tatu," Aloisi alisema, na sauti yake ikapata nguvu. "Tunachukua gunia moja katika kila matatu. Namba zote tunaziandika kwenye vipande vya karatasi, tunatia kikapuni, tunavuta sitini na mbili. Namba iliyotoka, gunia lake linachomwa. Hapo si mimi ninayechagua, namba ndizo zinazochagua, na huko mjini walitusisitizia sana hilo. Punje zote tunazimwaga kwenye turubai moja, tunachanganya, tunagawa, tunabakisha fungu dogo. Hilo ndilo tunalipasua na kulinusa. Hakuna kakao ya Petero wala ya Aloisi. Ni kakao ya Namorua."

"Na ikinuka?"

"Ikinuka, ndipo tutachoma yote, hata kama lori litalala hapa."

Verena aliandika, kisha akainua kalamu. "Na magunia ya shemeji yako? Nani atayachoma?"

Hapo kila mtu akatazama chini. Damiani, kaka mkubwa wa Klotilda, alikuwa amekaa juu ya kreti karibu na mlango, mtu mkimya mwenye macho mekundu ya miaka mingi ya tanuri la kukaushia kakao. Aliangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba ndio mara ya kwanza anavihesabu. Kwetu Namorua shemeji hataniwi. Jina lake hulitamki, sahani yake huigusi, kikapu chake hutii mkono hata kama kinaungua. Na Damiani hakuwa shemeji wa hivi hivi. Ardhi iliyobeba nyumba ya Aloisi ilikuwa ya ukoo wa mama yake Klotilda, na msemaji wa ardhi hiyo alikuwa Damiani. Aloisi alitoka pwani na mfuko mmoja wa nguo na gitaa.

"Nimeshasema," Aloisi alijibu. "Kwa mtindo huu hakuna gunia la mtu. Kuna namba tu. Na namba haina shemeji."

Wakampigia makofi. Mama Skolastika akauliza nani anakubali, mikono ikainuka yote isipokuwa wa Verena, ambaye alikuwa anaandika. Aloisi akakaa chini amefurahi mno. Alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe, kwamba tangu barua iliposomwa alikuwa akiutafuta mtindo ambao hautamsimamisha mbele ya bakuli la shemeji yake. Huu ndio aliouona, na alijiaminisha kuwa kautafuta kwa ajili ya kijiji.

* * *

Jumatano asubuhi magunia yalikuwa yamepangwa ghalani, kila moja na namba yake ya rangi nyeusi. Verena aliweka meza mlangoni, kwenye mwanga, na kikapu cha karatasi mbele yake. Alivuta namba sitini na mbili mbele ya watu wote, akazipanga kwa mfuatano daftarini, na ndipo kazi ikaanza. Yeye anasoma namba, Aloisi anachoma, Klotilda anakinga bakuli na kwenda kumwaga kwenye turubai. Wenye mali walikaa nje chini ya upenu wakitafuna popoo na kubishana kuhusu mvua.

Kazi ilikwenda vizuri. Gunia la nne, la sita, la kumi na moja. Bambo linaingia kwa sauti ya kukwaruza, linatoka limejaa. Magunia ya Klotilda mwenyewe yalikuwa kumi na moja, namba mia moja ishirini hadi mia moja thelathini, na punje zake zilipomwagika kwenye bakuli alizigeuza kwa kidole akatabasamu. Kakao yake aliianika juani siku saba, akiikimbiza ndani kila wingu likikusanyika. Mgongo ulimuuma mwezi mzima kwa ajili yake.

"Mia moja thelathini na tatu," Verena alisoma.

Magunia ya Damiani yalikuwa ishirini na manne, yamepangwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali penye giza giza. Yalianzia mia moja thelathini na moja. Aloisi alisimama mbele ya lile la tatu, akainua bambo, akalishusha.

"Vipi?" Klotilda alinong'ona.

"Chukua wewe."

"Mimi? Mimi dada yake, baba Noela. Tangu nivunje ungo sijagusa hata kikombe chake."

"Basi namwita Verena."

"Umwite umwambie nini?" Klotilda alimshika mkono. "Jana umesimama ukasema namba haina shemeji, watu wakakupigia makofi. Leo ukimwita mtu kwa gunia hili tu, wote waliokaa hapo nje watajua tumemshuku kaka. Naye yupo, nimemwona, amekaa pale pale mlangoni. Nitapita wapi mimi?"

Aloisi alikaribia gunia akavuta hewa puani. Kulikuwa na kitu, au hakikuwapo.

"Husikii harufu?" aliuliza.

Klotilda alinusa mkono wa gauni lake. "Ni nguo zangu. Nimepika na kuni asubuhi."

"Mbona kimya huko?" Verena aliita. "Mia moja thelathini na tatu!"

Aloisi alirudi hatua tatu, akalichoma gunia namba mia moja ishirini na tisa, la mkewe mwenyewe, ambalo lilikuwa limeshachomwa mara moja. Klotilda akakinga bakuli bila kumtazama usoni.

"Tayari!" Aloisi alijibu, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Kwenye namba za Damiani zilitoka karatasi tisa. Mara tisa Verena alisoma, mara tisa Aloisi alirudi hatua zile zile, akachoma kakao ya nyumbani kwake. Mara ya kwanza jasho lilimtoka. Ilipofika ya tano mkono ulikuwa umeshazoea, na aliona aibu kwa jinsi ulivyozoea haraka. Alijiambia kuwa sampuli haikupungua kitu, michomo ni ile ile sitini na miwili kwa hesabu, na kakao ya mkewe ni nzuri kuliko zote, kwa hiyo hajaiba chochote. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Mchana turubai lilijaa. Wakachanganya kwa koleo, wakagawa mafungu manne, wakatupa mawili, wakachanganya tena, mpaka likabaki fungu la kujaza kofia. Punje mia tatu zikapasuliwa kwa wembe, moja moja, juu ya ubao. Nne zilikuwa na kuvu. Nyingine zikapondwa, zikatiwa maji ya moto kwenye chupa, na wanawake watatu wenye pua za kuaminika wakanusa kwa zamu, mama Skolastika wa mwisho. Alifumba macho muda mrefu.

"Safi," alisema. "Inanuka kakao."

Nje wakashangilia. Mzee Petero alicheza hatua mbili akashika kiuno. Damiani alisimama kutoka kwenye kreti yake, akapangusa suruali, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije alionekana anatabasamu. Jioni, Klotilda aliporudi na maji, alikuta shada zima la popoo limewekwa kizingitini kwake, bado lina umande wa juu mlimani. Hakuna aliyehitaji kumwambia limetoka kwa nani. Aloisi alilitazama hakuligusa, akasema hana hamu ya popoo.

* * *

Jumatatu, bandarini, kontena lilikuwa limekaa juani tangu Ijumaa jioni. Mkaguzi wa mnunuzi alikuwa binti mmoja kutoka Rabaul, jina lake Rowena, amevaa buti na kofia ya jua, na alikuja na vijana wanne wenye mabambo manne. Kutoka Namorua walikuja watatu: mama Skolastika aliyevaa gauni lake la Pasaka, Verena na daftari lake, na Aloisi.

Rowena alivunja lakiri, milango ikafunguliwa, na hakuna aliyehitaji kunusa chupa. Harufu ilitoka yenyewe, nzito na ya joto, harufu ya nguruwe aliyetundikwa juu ya moto siku mbili. Mama Skolastika alirudi nyuma akashika ukuta wa ghala la bandari.

"Labda ni kontena," Aloisi alisema. "Labda lilibeba kitu kabla."

"Nililikagua mimi mwenyewe likiwa tupu, baba," Rowena alijibu. "Tushushe."

Yeye hakuvuta namba. Alichoma yote, kila gunia na bakuli lake, vijana wanne wakifanya kazi kwa zamu na yeye akinusa na kuandika. Ilipofika adhuhuri alimwita Aloisi pembeni, ila mama Skolastika na Verena wakafuata, na hakuwazuia.

"Wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiyo."

"Mlipima vipi?"

"Moja katika matatu. Kwa kuvuta namba."

"Mtindo mzuri," Rowena alisema, bila kejeli. "Basi nisaidie hapa, maana vijana wangu kabla ya kuchoma walihesabu matundu yenu ya zamani, ndivyo ninavyowafundisha. Haya ishirini na manne yalikuwa hayana tundu hata moja. Ukivuta kwa bahati, unategemea manane hivi, tuseme saba, tuseme tisa. Si sifuri. Na haya kumi na moja yametobolewa mpaka yanavuja. Hili lina matundu matatu peke yake. Na hayo yasiyo na tundu ndiyo yanayonuka kuliko yote. Bomba la tanuri limetoboka, huyo mtu anakausha kakao kwenye moshi mtupu."

Verena alifungua daftari, akapitisha kidole, akalifunga. Aliyekuwa na haki ya kusema siku ile ni yeye, aliyetaka nyumba kwa nyumba, lakini alilitia daftari kwapani.

Mama Skolastika aliinama akasoma namba kwenye gunia la kwanza lisilo na tundu, kisha la pili, kisha akaacha. "Ni ya nani" halikuwa swali tena.

"Tuyatoe haya, mwanangu," alimwambia Rowena. Yule mama mwenye sauti ya kuendesha mikutano alikuwa anabembeleza. "Tuyatoe haya ishirini na manne tuyatupe baharini ukitaka. Mengine yachukue."

"Mngeyatoa huko kwenu, mama, ningeyachukua mengine yote. Yamelala pamoja siku tatu kwenye chuma, kwenye jua. Moshi umeshaingia kila mahali." Alizungumza kwa upole, na upole huo uliuma kuliko angefoka. "Mnunuzi aliandika, mkaelewana. Siwezi."

"Hata nusu?"

"Siwezi, mama."

Walirudi nyuma ya lori pamoja na magunia yao. Mama Skolastika alikaa juu ya gunia, gauni la Pasaka limejaa vumbi la kakao. Njia nzima alisema mara moja tu. "Ulituambia namba ndizo zinazochagua," alisema, na Aloisi akageuzia uso upande wa bahari.

* * *

Damiani alikuja siku ya pili yake, jua likiwa utosini, watu wote wakimwona. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba, iliyosimama juu ya nguzo, mgongo kaupa mlango, na Aloisi alikaa ndani, mgongo kaupa ngazi. Klotilda alikaa katikati na ungo wa viazi vitamu mapajani, kwa sababu hawezi mtu kukaa bure kwenye mazungumzo kama yale.

"Dada, muulize mumeo kama ni kweli hakuyachoma magunia yangu."

"Anauliza kama ni kweli."

"Mwambie ni kweli."

"Anasema ni kweli, kaka." Kisu cha Klotilda kiliendelea kumenya. "Na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nguruwe walipita chini ya nyumba, wakarudi.

"Muulize kwa nini."

Aloisi alijibu kabla hajaulizwa. "Mwambie shemeji nilimheshimu."

"Anasema alikuheshimu."

"Aliniheshimu." Damiani alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Dada, sikiliza. Bomba la tanuri langu ni mapipa niliyoyachomelea miaka kumi na saba iliyopita. Kila msimu nalala kando yake nisije nikaunguza kakao. Pua yangu imekufa. Siku hizi nikiletewa samaki sijui kama amevuliwa leo au ameoza, mke wangu ndiye ananiambia. Unadhani sikujishuku? Bei ilipokatwa mara ile ya kwanza nilijishuku mimi. Nililizunguka lile tanuri usiku na mchana nikinusa kama mbwa, sikusikia kitu. Nimuulize nani? Niende kwa nani nikamwambie njoo uninusie? Pale kwenye mkutano mumeo aliposema itapimwa kwa namba, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikasema sasa chuma kitaniambia, mtu hatafungua mdomo. Ndiyo maana nilikaa pale mlangoni. Nilikuwa nasubiri kuambiwa."

Klotilda aliacha kumenya.

"Wakasema safi. Nikapanda mlimani nikawakatia popoo."

Ndani ya nyumba Aloisi alikuwa ameinama mikono kichwani. Alitaka kutoka, apige magoti pale kwenye ngazi, aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe na macho yake yakitazama macho ya yule mtu. Desturi haikumruhusu hata hilo. "Mwambie nisamehe," alisema. "Mwambie, mama Noela. Mwambie vizuri."

"Anaomba umsamehe, kaka. Analia."

"Namsikia." Damiani alisimama. "Ardhi ni yako, simfukuzi mtu. Mumeo akae. Watoto wakae. Nguruwe wangu wawili nawatoa kesho kwa kijiji, waseme wanayotaka kusema. Ila kakao mimi basi."

Na kweli, kesho yake alichinja nguruwe wawili, akasimama mbele ya ghala akasema moshi ni wake na aibu ni yake, na watu wakala nyama kwa kunyamaza. Kisha akaenda akalivunja tanuri lake kwa nyundo, mapipa na yote, akalala ndani siku nne bila kula. Aloisi alirudisha bambo kwa chama. Verena alilipokea mezani akaandika tarehe, na cheti Klotilda alikishusha ukutani mwenyewe bila kuagizwa. Dukani rubuni yake ilikuwa imeshapita siku zake, tangi likauzwa kwa mtu mwingine.

* * *

Shehena ile yote ilimezwa na mfanyabiashara wa mjini kwa kina mia nne gunia, na wakamshukuru, maana angeweza kukataa.

Wiki saba baadaye Klotilda alikuwa na magunia matatu mapya. Alikuwa ameyaanika peke yake juu ya majamvi, mbali na jiko, mbali na njia ya magari, na usiku alilala nayo chumba kimoja. Aloisi alimbebea mpaka kwenye lori na mpaka kwenye foleni ya mzani mjini, akisimama nyuma yake siku hizi, si mbele. Mfanyabiashara alikuwa mnene, na miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja.

"Wa wapi nyie?"

"Namorua."

"Mia nne."

"Huyu mbele yangu umempa mia sita," Klotilda alisema.

"Huyu si wa Namorua."

Klotilda alifungua mdomo wa gunia, akachota punje kwa mikono miwili, akamnyooshea. Zilikuwa kubwa, nyekundu nyekundu, zinapasuka kwa kidole. "Nusa."

"Mama, weka kwenye mzani."

"Nusa kwanza. Mara moja tu. Kata yoyote unayotaka, chagua wewe, toka chini kabisa. Ukisikia moshi chukua bure."

"Nikinusa ya kwako nitanusa na ya yule, na ya yule pale. Nitafunga duka saa ngapi?" Hakuwa mkali. Alikuwa na kazi nyingi tu. "Namorua ni moshi, kila mtu anajua. Sina haja ya kupima."

Klotilda akamgeukia mumewe. "Mwambie. Wewe umesomea. Mwambie mtu hawezi kujua gunia bila kulifungua."

Foleni nzima ilimtazama Aloisi. Alimjua kila mmoja aliyesimama pale, na kila mmoja alimjua yeye ni nani na amefanya nini. Alisogea hatua moja.

"Weka kwenye mzani, mama Noela," alisema.

Vijana wa duka walilibeba gunia la kwanza, wakasoma uzito, wakalipeleka uani ambako palikuwa na lundo kubwa la kakao ya kila mtu, iliyokaushwa na isiyokaushwa, yenye kuvu na yenye moshi. Wakalipindua. Klotilda alisimama akiangalia punje zake zikiteremka ubavuni mwa lile lundo, na kwa muda aliweza kuzitambua, kisha hakuweza tena. Wakaja kuchukua la pili.